Shubiri Mbili Juu ya Theluji

Lori lilifika Jumanne ya pili ya Januari, saa nne asubuhi, anga likiwa na ule mwanga wa buluu ambao ndio mchana wote wa mwezi huo. Ravdna, mwanamke mwenye kundi, alitia saini karatasi ya kupokelea mzigo juu ya boneti. Wino uligoma kwa baridi, akamalizia kwa penseli. Dereva akashusha ubao wa nyuma, na kulungu watano, wale wa nchi za baridi, wakateremka mmoja mmoja, wakanusa theluji ya kwao, wakajitikisa. Wa sita alitoka mwisho. Huyo alikuwa Gabba, yule jike mweupe. Alitembea hadi mwisho wa ubao akashuka kama wenzake, ila hakufika chini. Alisimama hewani, shubiri mbili juu ya theluji, akaendelea kutafuna.

"Huyo yuko hivyo tangu tarehe ishirini na tatu," dereva alisema. "Kuna barua."

Barua ilitoka kwa wenye bustani ya Krismasi huko kusini, waliokuwa wamewakodi kulungu hao sita kwa mwezi mzima wa Desemba. Iliandikwa kwa adabu. Ilisema kwamba watoto walifurahi, kwamba kengele mbili zimepotea lakini hakuna atakayelaumiwa, na kwamba yule mweupe, aliyefungwa mbele ya sleji, lile gari la kuteleza thelujini, ameingiwa na tabia ya kutokanyaga chini. Daktari wa mifugo alimpima akakuta moyo unapiga kawaida. Wangependa kufanya naye kazi tena.

Heaika, aliyemwoa dada yake Ravdna na kuchunga naye kundi moja kwa miaka ishirini, alizima pikipiki yake ya theluji, akapiga goti, akapitisha mkono chini ya kwato za Gabba kutoka upande huu hadi ule, kama fundi anayekagua gari.

"Shemeji, hapa chini hakuna kitu."

"Nimeona."

"Ukija kumuuza usiseme ana kasoro. Sema hachakazi kwato."

Sababu ya jambo lenyewe haikumsumbua mtu. Huko kusini kulikuwa na mwanamume mwenye ndevu za pamba ambaye mara tatu kwa siku, kwa siku thelathini, aliwaambia watoto kwamba huyu wa mbele ndiye anayeiongoza sleji angani. Gabba walimwita Oskar. Hakuna aliyemwinamia Oskar kumtazama chini ya mkia, la sivyo wangegundua kwamba ni jike mwenye mimba ya miezi mitatu. Kulungu dume hudondosha pembe mara msimu wa kupandana unapokwisha, kwa hiyo yeyote anayeonekana na pembe wakati wa Krismasi ama ni maksai ama ni mama wa mtu. Picha zote za Krismasi duniani, ukizitazama kwa macho ya mchungaji, ni za wajawazito wakifanyishwa kazi za usiku.

"Mimi nilisema msiwakodishe," alisema Siggá ndani ya nyumba, shangazi yake Ravdna, mwenye miaka themanini na mitatu, bila kuondoa macho kwenye televisheni, ambako watu walikuwa wakishindana kuteleza kwa ski. "Kwetu Krismasi hupita Stállu, lile jitu, na sleji yake huvutwa na panya. Umewahi kuona panya akirudi na maringo?"

"Panya hawakodishwi, shangazi."

"Ndiyo maana wanakanyaga chini."

Ravdna hangewakodisha kama si mvua ya Novemba. Ilinyesha siku mbili juu ya theluji, kisha ikaganda, na malisho yakafunikwa na barafu ngumu kama kioo cha dirisha. Wanyama wenye nguvu waliivunja. Wanyonge walihitaji chakula cha magunia, na magunia hayaji bure.

Shida ilianza Gabba alipopata njaa. Kulungu wa nyikani hali kwa mdomo peke yake, hula kwa kwato. Hunusa kuvumwani, ule mmea mweupe laini unaotanda ardhini chini ya theluji, kisha huchimba kwa mguu wa mbele hadi aufikie. Gabba alinusa, akainua mguu, akachimba. Alichimba hewa. Alichimba asubuhi nzima kwa bidii, tumbo likining'inia, na theluji iliyokuwa chini yake ikabaki laini kama shuka lililopigwa pasi. Alipochoka aliwaendea wenzake. Kwa pembe zake alikuwa na haki ya kumfukuza yeyote kwenye shimo lolote, naye aliwafukuza wote, shimo hadi shimo, akiinama kila mara na kukuta shingo haifiki.

Alikubali kula kutoka kiganjani kwa Ravdna. Hilo ndilo lililomtia Ravdna hofu. Kulungu anayelishwa kwa mkono huanza kumtazama mtu badala ya kutazama upepo, na Gabba hakuwa kulungu wa kumtazama mtu. Kwa miaka tisa yeye ndiye aliyetangulia kila Aprili, kundi zima likimfuata kutoka nyanda za ndani hadi pwani, ambako majike huzalia. Mwaka huu safari ilikuwa na tatizo hata kwa kiongozi mwenye miguu yake chini. Msimu wa vuli mgodi ulikuwa umetandaza uzio kandokando ya barabara yake mpya, kilomita ishirini za waya wenye kimo cha mita mbili, na ulikuwa umekata njia ya kundi katikati. Ravdna aliandika kuomba lango moja lifunguliwe kwa siku kumi. Lango moja tu. Tangu Oktoba ombi lilikuwa linashughulikiwa. Kundi likikwama upande wa ndani, ndama wangezaliwa juu ya barafu, mahali ambapo mama zao wamekwisha kula kila kitu.

Kwa hiyo ilibidi Gabba ashuke, ale, apate nguvu. Heaika alikuwa wa kwanza kujaribu. Alimfunga kamba, akaifunga kamba kwenye pikipiki ya theluji, akavuta. Gabba alishuka kidogo na pikipiki ikapanda kidogo. Heaika aliitazama hali hiyo kwa muda, akakata kamba.

"Tukifunga pikipiki mbili?" aliuliza.

"Tutakuwa na vitu vitatu vinavyoning'inia," Ravdna alisema.

Akaingia stoo akatoa sogi za mbao na ngozi ambazo kwazo mama yake alikuwa akiwapakiza kulungu mizigo ya kiangazi, akazitwika mgongoni mwa Gabba, akaanza kutia mawe. Kwa kilo kumi Gabba alishuka shubiri moja. Kwa kilo ishirini na moja kwato zikagusa theluji kwa sauti ndogo ya kukwaruza. Gabba alitazama miguu yake, kisha akaanza kuchimba, na hakuinua kichwa hadi giza.

Ukawa utaratibu. Asubuhi anavikwa mawe, jioni anavuliwa, kwa sababu ya mimba. Akivuliwa hupanda taratibu hadi mahali pake na kulala hapo, miguu ameikunja, upepo ukipita chini yake. Majike wengine waligundua kwamba chini ya Gabba hapaangukiwi na theluji, wakawa wanalaza vichwa hapo kwa zamu.

"Hata mimi," Siggá alisema akimtazama kupitia dirishani, "ningeambiwa mara tatu kwa siku kuwa mrembo, ningepaa."

"Nilikuwa nakwambia, shangazi," Heaika alisema.

"Uliniambia mara moja, harusini kwako, na ulikuwa umelewa."

Mwisho wa Februari alikuja Torgeir, ofisa wa idara inayosikiliza maombi kama lile la lango. Alikuwa mtu mwema, amebakiza miaka miwili kustaafu, na aliipenda kahawa ya nyumba hiyo, ambayo vipande vya nyama kavu na jibini hulowekwa ndani yake. Aliweka fomu mezani. Alijaza vipengele vinane bila taabu. Kwenye cha tisa, kinachouliza idadi ya mifugo, alikohoa.

"Hapa nitaacha wazi," alisema.

"Acha," Ravdna alisema.

Swali hilo halijibiwi. Mtu haulizwi ana kulungu wangapi, kama vile haulizwi ana nini benki, na mgeni anayeuliza husamehewa mara moja kwa ugeni wake. Torgeir alikwisha kusamehewa zamani.

Wakatoka nje kuwatazama wanyama. Gabba alikuwa zizini na sogi zake, akichimba.

"Na huyu ndiye kiongozi?" Torgeir aliuliza.

Mchungaji ambaye hata ukimbana kwa koleo hatakutajia idadi ya kundi, ukimuuliza juu ya kiongozi wa kundi atazungumza mpaka kahawa igande. Ravdna alilijua hilo kwa wachungaji wengine wote.

"Huyu?" alisema. "Mwaka ule mto ulipovunja barafu mapema, huyu ndiye aliyetafuta mahali pa kuvukia, na sisi tumesimama kama magogo. Mwaka wa ukungu alitupeleka siku tatu, hatuoni hata masikio yake. Huyu hakuna kitu cha kumzuia. Anapita popote."

Heaika, ambaye wajibu wake wakati huo ulikuwa kumkanyaga shemeji yake mguuni, alivimba kifua na kumvua Gabba sogi ili mgeni ajionee. Gabba alipanda shubiri zake mbili, akautazama ukuta wa zizi, akapanda zaidi, akatembea juu yake hadi upande wa pili. Hapo alisimama akasubiri kurudishiwa mawe yake.

"Vizuri sana," Torgeir alisema. Akatoa kalamu, akaipuliza ili iyeyuke, akaandika sentensi moja.

Ravdna aliiona kalamu ikitembea. Alijua wakati huohuo alichokifanya, kama mtu anavyojua amesahau ufunguo ndani mlango ukiwa bado unajifunga.

"Hiyo umeiandika?" aliuliza.

"Ni lazima niandike ninachoambiwa, Ravdna."

"Andika na kwamba ni mmoja tu."

"Sitakiwi kuandika idadi isipokuwa kwenye kipengele cha tisa," Torgeir alisema kwa masikitiko.

Machi ikapita. Jibu halikuja. Katikati ya Aprili theluji ilianza kulainika mchana, na majike wakawa wanageuza vichwa kaskazini magharibi, wote pamoja, kama watu walioitwa. Alfajiri ya tarehe kumi na tisa, theluji ikiwa bado ngumu, Ravdna alifungua zizi. Gabba alitangulia akiwa na mawe yake, Ravdna akimfuata kwa ski, kundi nyuma yao, na Heaika mwisho kabisa na pikipiki na sleji ya mizigo. Siku ya pili saa tatu asubuhi wakaufikia uzio.

Ulikuwa umefungwa. Lango lilikuwapo, jipya, limepakwa rangi ya kijani, na kufuli lake lilikuwa bado na karatasi ya dukani. Upande wa pili wa barabara mlinzi wa mgodi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kibanda chake akila mkate.

"Ufunguo uko wapi?" Ravdna alimuuliza kupitia kwenye waya.

"Ofisini."

"Ofisi iko wapi?"

"Ni swali zuri, mama. Mimi mwenyewe mshahara wangu hutoka huko na sijawahi kupaona."

Ravdna alimtazama Gabba. Majike walikuwa wakisukumana nyuma yake, matumbo makubwa, pumzi zao zikifanya wingu moja. Akamfungua sogi, akayamwaga mawe kwenye theluji. Gabba alipanda. Alianza kutembea mbele, na kila hatua ilikuwa juu kidogo ya iliyotangulia, kama anayepanda kilima kisichoonekana. Alipofika juu ya waya, kwato zake zilikuwa zimeuzidi kwa kiganja kimoja.

Kulungu katika safari haangalii njia. Huangalia makalio ya aliye mbele yake, na huweka mguu mahali aliye mbele alipouweka. Jike wa pili aliweka mguu wake mahali Gabba alipouweka, na palimbeba. Wa tatu akaweka mahali pa wa pili. Wakapanda msururu mzima, wakapita juu ya uzio, juu ya barabara, juu ya kibanda, wakiteremka upande wa pili kwenye theluji na kuendelea na safari bila kubadili mwendo. Mlinzi aliukumbatia mkate wake kifuani, kwa sababu kulungu walikuwa wanapukutisha manyoya.

Wale wa mwaka mmoja, ambao walisafiri njia hiyo mara moja tu wakiwa ndama, walisita kidogo chini ya kilima hicho kisichoonekana. Heaika akapiga mluzi, nao wakapanda.

"Kumi na nane, kumi na tisa," Heaika alikuwa akinong'ona.

"Heaika, unahesabu?"

"Nahesabu mawingu, shemeji."

Mlinzi alichukua daftari lake. Aliuliza kama uzio umeguswa. Haukuguswa. Kama kuna mnyama aliyekanyaga barabara. Hakuna. Akaandika hivyo, saa na tarehe, akawatakia safari njema. Ravdna na Heaika, ambao wangeweza kuruka uzio lakini si pamoja na sleji na pikipiki, walizunguka kilomita arobaini kupitia daraja la chini, wakalikuta kundi jioni limelala upande wa pili, likicheua.

Pwani ilikuwa kijani. Gabba alizaa tarehe tano Mei, ndama jike wa kahawia, aliyeanguka shubiri mbili kwenye majani, akapiga chafya, akasimama. Kunyonya kulimtaka anyooshe shingo hadi mwisho, na Ravdna alimletea boksi la samaki la kusimamia. Baada ya wiki mbili hakulihitaji. Mawe ya Gabba hayakuhitajika tena: majani ya mibetula, ile miti yenye gome jeupe, yalikuwa yamechipua, na yeye peke yake ndiye aliyefikia yale ya juu.

Torgeir alikuja mwishoni mwa Juni, siku ya kuwatia ndama alama za masikio. Siggá naye alikuwa ameletwa kwa gari na kuketishwa kwenye kiti cha kukunja karibu na zizi, ambako alimkosoa kila aliyerusha kitanzi. Torgeir alisubiri hadi Ravdna afute kisu, akampa bahasha.

Ombi lilikuwa limekataliwa, kwa sababu mbili. Ya kwanza, kwa maneno ya mmiliki mwenyewe, kiongozi wa kundi hana kitu cha kumzuia na anapita popote. Ya pili, kwa mujibu wa daftari la mlinzi, kundi lilivuka tarehe ishirini Aprili bila kugusa uzio wala barabara. Hivyo haja ya lango haikuthibitika. Lile lango la kijani lingeondolewa na mahali pake pafungwe kwa waya. Mwisho wa barua idara ilimpongeza mmiliki kwa ubora wa mifugo yake.

Ravdna aliisoma kwa sauti ili Siggá asikie.

"Wamekupongeza," Siggá alisema. "Baba yako alipigwa faini tu."

"Unaweza kukata rufaa," Torgeir alisema. Alikuwa amekuja na fomu, tena alikuwa ameijaza kwa mkono wake vipengele vyote alivyoweza. "Nimeomba wabadilishe cha tisa kwa ajili yenu. Sasa hakiulizi una wangapi. Kinauliza wasioweza kupaa ni wangapi. Ukiandika namba hapo, watalazimika kufungua."

Heaika alijifanya kukunja kamba. Ravdna aliitazama fomu, kisha akalitazama kundi kando ya maji, lile ambalo mama yake hakuwahi kumwambia mtu yeyote ukubwa wake, hata padri, hata daktari, hata siku aliyokuwa anakufa. Kisha akawaza Aprili ijayo, na miaka ya Gabba, ambayo aliijua vizuri, na mawe ambayo yangekuwa mazito kila mwaka kwa mgongo uleule.

Akachukua kalamu, akaandika neno moja: *Wote.*

Torgeir alisoma. Juu ya kichwa chake Gabba alikuwa akivuta tawi la mbetula, na majani yalimwangukia begani.

"Hata huyu?" aliuliza.

"Huyu hapai. Amekataa tu kutua."

"Wote si namba, Ravdna."

"Ni kubwa kuliko kisanduku chako? Imeenea vizuri."

Torgeir alijipangusa majani, akakiri kwamba imeenea, akagonga muhuri, akabaki kula supu ya nyama pamoja nao hadi jioni, jua, ambalo huko halitui mwezi wa Juni, likiwa bado linawaka. Fomu ilirudishwa Agosti. Barua ilisema kipengele cha tisa kijazwe kwa tarakimu. Ravdna alikijaza kwa neno lilelile, kwa herufi kubwa zaidi, akairudisha posta.

Oktoba kundi lilianza kurudi nyanda za ndani. Mahali palipokuwa na lango la kijani palikuwa na waya, na juu ya waya bango la manjano linalowatahadharisha madereva juu ya wanyama wanaopita angani. Lilichorwa kulungu akivuta sleji ya mzee mwenye ndevu. Chini ya bango uzio ulikuwa umeongezwa nusu mita.

Mlinzi alikuwa ameleta kiti cha pili, na mke wake, na chupa ya kahawa. Alimsalimia Ravdna kwa jina.

"Ufunguo umepatikana?" Ravdna aliuliza.

"Kufuli limepotea," mlinzi alisema, "kwa hiyo hata hautafutwi tena."

Gabba aliutazama uzio mpya kuanzia chini hadi juu. Kisha akaanza kupanda, hatua kwa hatua, akaongeza nusu mita. Nyuma yake yule ndama wa kahawia alitazama makalio ya mama yake, akaweka kwato mahali kwato za mama zilipotoka, na akamfuata.